Nani alipaswa kuulizwa? Kisa cha warithi wa John Huston na filamu iliyotiwa rangi

Juni 1988 kituo cha runinga cha Ufaransa, La Cinq, kilitangaza kwamba kitaonyesha filamu ya Kimarekani iitwayo The Asphalt Jungle. Filamu hiyo ilitengenezwa mwaka 1950 kwa nyeusi na nyeupe. Safari hii ingeonyeshwa ikiwa na rangi zilizotiwa kwa kompyuta karibu miaka 40 baada ya kamera kuzimwa. Mwongozaji wake, John Huston, hakuwepo kusema lolote, kwani alifariki Agosti 28, 1987. Walioinuka ni watoto wake watatu, Anjelica, Tony na Danny, pamoja na Ben Maddow, aliyeandika skripti kwa kushirikiana na Huston. Walikwenda mahakamani Paris kuomba zuio. Kesi iliyoanza hapo ilimalizika Desemba 1994, na sijui kisa kingine kinacholifungua vizuri zaidi swali la kutia rangi filamu za zamani.

Nakichambua kwa kirefu kwa sababu swali lenyewe limerudi. Kazi ambayo miaka ile ilihitaji kampuni nzima, leo programu ya kwenye simu inaifanya kwa sekunde chache, na kila siku naona watu wakishangilia picha za babu zao zilizotiwa rangi bila hata mmoja kuuliza rangi zile zimetoka wapi.

Filamu yenyewe

Hadithi ni ya wizi. Mzee mmoja mpangaji wa uhalifu, anayeitwa Doc, anatoka jela akiwa na mpango kamili wa kuiba vito. Anahitaji mtu wa kufungua kasha la chuma, dereva na mtu wa mabavu. Anahitaji pia tajiri wa kugharimia kazi, na anaishia kwa wakili mwenye jina kubwa mjini, kumbe kwa ndani mtu huyo amefilisika. Mtu wa mabavu ni Dix, aliyeigizwa na Sterling Hayden, na ndoto yake ni moja tu: kulinunua tena shamba la farasi la familia yao huko Kentucky. Marilyn Monroe, kabla dunia haijamjua, ana sehemu ndogo ya kimada wa wakili.

Mambo mengi yanatokea usiku, au ndani ya vyumba visivyoingiza jua. Taa inaning'inia juu ya meza, nyuso zinamulikwa upande mmoja, upande wa pili umemezwa na giza. Hali ni hiyo mpaka dakika za mwisho. Dix, mwenye risasi mwilini na damu ikimwisha, anaendesha gari mpaka Kentucky, anashuka, anaingia malishoni akiyumba, anaanguka. Farasi wanamsogelea na kumnusa. Hapo skrini inajaa mwanga wa mchana. Mtazamaji aliyekaa gizani zaidi ya saa moja na nusu anaupata mwanga ule machoni kabla hajawaza lolote, na ndipo anapoelewa kwamba huyu mtu amefika alikokuwa akitamani kufika, na amefika kufa.

Filamu nzima imeuweka akiba mwanga wake kwa ajili ya shoti ile. Sasa yatie majani rangi ya kijani na mbingu rangi ya samawati. Panakuwa mahali pazuri pa mashambani. Na vyumba vilivyotangulia, vikishapewa makochi ya kahawia na tai nyekundu, vitakuwa vimemzoesha mtazamaji rangi tangu dakika ya kwanza. Tofauti ya giza na mwanga bado ipo, lakini haina tena nguvu ya kubeba mzigo uliowekwa juu yake.

Wanaotetea kutia rangi hupenda kusema kwamba watengenezaji wa zamani walitumia nyeusi na nyeupe kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kwa filamu hii hoja hiyo inagonga mwamba, na inagonga mara mbili.

Kwanza, mpigapicha wake mkuu alikuwa Harold Rosson. Huyu ndiye aliyepiga The Wizard of Oz ya 1939, filamu ambayo hadi leo watu wakitaka mfano wa rangi za Technicolor, mfumo mkuu wa filamu za rangi wa Hollywood enzi hizo, huitaja hiyo, na aliipiga katika MGM, studio ileile iliyotengeneza The Asphalt Jungle. Kabla ya hapo alikwishapewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa upigaji picha wa rangi katika filamu ya 1936, The Garden of Allah. Kwa maneno mengine, kati ya watu waliojua rangi Hollywood, Rosson alikuwa mstari wa mbele. Na kwa The Asphalt Jungle aliteuliwa kugombea Oscar katika kipengele cha upigaji picha wa nyeusi na nyeupe, maana kwa miaka mingi, tangu 1939 hadi 1966, tuzo hizo zilitenganisha fani hizo mbili. Wenyewe walizihesabu kuwa ufundi wa aina mbili.

Pili, mwangalieni Huston mwaka uliofuata. Mwaka 1951 alikuja Afrika kupiga The African Queen, katika mito na misitu ya Kongo ya Wabelgiji na kandokando ya Ziwa Albert na Murchison Uganda. Hadithi yake inatokea mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na manowari ya Wajerumani iliyomo ndani yake ilitokana na ile Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, meli ambayo watu wa Kigoma wameijua kwa miaka mingi kwa jina la Liemba. Huston angeweza kupiga nyeusi na nyeupe, na maisha yangekuwa rahisi kwa kila mtu. Badala yake aliburuta hadi msituni kamera ya Technicolor, dude zito lenye kuendesha mikanda mitatu ya filamu kwa pamoja, kwenye joto, unyevu na maradhi yaliyowalaza wengi wa kikosi chake. Mpigapicha wake safari hiyo alikuwa Jack Cardiff. Hadithi ya mto na msitu aliitaka kwa rangi, akailipia kwa jasho.

Nimeyaweka haya mbele kwa sababu ndiyo ushahidi. Mtu huyohuyo, ndani ya muda mfupi, alichagua nyeusi na nyeupe kwa hadithi ya mji na usiku, na rangi kwa hadithi ya mto. Mwenyewe alilieleza kwa mfano wa mchongaji: kuna anayechagua udongo, kuna anayechagua shaba, kuna anayechagua marumaru.

Ni kweli pia kwamba mwaka 1950 Technicolor ilikuwa ghali, na studio hazikuwa na desturi ya kuitoa kwa filamu za wahalifu. Sitaki kulificha hilo. Lakini uamuzi, hata ukianzia kwenye bajeti, ukishafanyika kila kinachofuata hujengwa juu yake: mahali pa taa, kitambaa cha suti, rangi ya ukuta, hata vipodozi vya uso. Mafundi wa enzi hizo walichagua nguo kwa kuangalia itatoa kijivu cha aina gani. Suti ikionekana ya kijivu kilichokolea, mle studio huenda ilikuwa ya kijani, na hakuna aliyejali, kwa kuwa kijani hicho hakikukusudiwa kuonwa na mtazamaji yeyote. Kwa hiyo mtu akisema anaifanya filamu ionekane kama ilivyokuwa, muulizeni: ilivyokuwa wapi? Mbele ya kamera, au kwenye skrini? Kazi ya sanaa ilikuwa ile ya kwenye skrini.

Rangi ilivyotiwa, na fedha iliyokuwa nyuma yake

Mwaka 1986 tajiri wa runinga wa Atlanta, Ted Turner, aliinunua MGM. Sehemu kubwa ya kampuni aliiuza baada ya muda mfupi, akabaki na kitu alichokitaka, yaani hazina ya filamu zaidi ya 3,000, zikiwemo za MGM na nyingi za zamani za studio za Warner Bros. na RKO. Alikuwa na vituo vya runinga vya kulisha, na alikuwa na tatizo moja la kibiashara: watazamaji wengi, hasa vijana, walikuwa wakibadili chaneli wakiona nyeusi na nyeupe. Hilo halikuwa uzushi. Ni jambo ambalo kila mwenye watoto nyumbani amelishuhudia.

Mbinu ya wakati ule ilikuwa hivi. Filamu ilihamishiwa kwenye mkanda wa video. Kwa kila shoti, mtu alikaa mbele ya kompyuta akachagua fremu moja, akazungushia kila kitu mpaka wake, akakipa rangi: shati hili, uso huu, ukuta ule. Kompyuta ikaifuata rangi hiyo fremu baada ya fremu mpaka shoti inapobadilika, halafu anaanza upya. Kiasi cha mwanga cha kila nukta kilibaki kilekile. Rangi iliwekwa juu yake. The Asphalt Jungle ina dakika 112, na kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu zaidi ya 161,000. Gharama ilihesabika kwa maelfu ya dola kwa kila dakika, kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kutafakari kila kitu kidogo. Nyuso zilipata rangi moja ya kufanana, iwe ya mtu aliyesimama chini ya taa au kivulini. Katika filamu moja ya Frank Sinatra ya mwaka 1954, Sinatra ambaye macho yake ya buluu yalijulikana dunia nzima, alitoka na macho ya kahawia.

Watu walilicheka sana kosa hilo, na makosa ya namna hiyo yakawa hoja kuu ya wapinzani. Mimi naona hapo walijidhoofisha. Makosa hurekebishika, na leo teknolojia inaweza kutia rangi kwa ustadi mkubwa. Kama pingamizi lako ni kwamba macho yamekosewa, siku yakipatiwa huna la kusema. Pingamizi la watoto wa Huston lilikuwa la aina nyingine: hata rangi ikiwa nzuri kiasi gani, mwenye kazi hakuitaka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikutajwa sana magazetini. Mwaka 1987 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba filamu iliyotiwa rangi inaweza kusajiliwa kama kazi mpya iliyotokana na ya zamani. Hakimiliki hiyo mpya ilihusu rangi zilizoongezwa tu, na kwa sheria ya wakati ule ingeweza kudumu miaka 75. Fikirieni maana yake kwa mwenye ghala la filamu za miaka ya thelathini na arobaini ambazo hakimiliki zake zilikuwa zinaelekea ukingoni. Toleo la rangi likizoeleka, likawa ndilo linaloonyeshwa, ndilo linalouzwa, mmiliki amejipatia maisha mengine ya kibiashara.

Vita vya nyumbani Marekani

Huston mwenyewe aliwahi kupigana kabla hajafa. Novemba 1986, akiwa mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga kutiwa rangi kwa The Maltese Falcon, filamu yake ya kwanza kuongoza, ya mwaka 1941. Mei 1987 waongozaji Woody Allen, Milos Forman na Sydney Pollack, pamoja na mwigizaji Ginger Rogers, walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Jibu la upande wa Turner lilikuwa fupi na kisheria halikuwa na kasoro: filamu ni mali yetu, tumezinunua.

Walichopata wasanii Marekani kilikuwa kidogo. Sheria ya 1988 ya kuhifadhi filamu iliunda orodha ya taifa inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge, filamu 25 kila mwaka, na filamu ya orodha hiyo ikitiwa rangi ilipaswa kubandikwa tangazo la kumwambia mtazamaji. Kuzuia, hapana. Marekani ilijiunga na Mkataba wa Berne Machi 1, 1989, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao tangu marekebisho ya Roma ya 1928 unamtambulia msanii haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Hata hivyo sheria waliyotunga mwaka 1990 kuhusu haki hizo iliwahusu wachoraji na wachongaji, na filamu ikaachwa nje.

Filamu moja tu iliokoka kwa namna inayofaa kukumbukwa na kila mtengeneza filamu. Januari 1989 ilitangazwa kwamba Citizen Kane ya Orson Welles inaandaliwa kutiwa rangi. Wanasheria wa Turner wakaufungua mkataba ambao Welles alisaini na RKO mwaka 1939, wakati akiwa kijana wa miaka 24, na wakakuta una vipengele vinavyoweza kusomeka kuwa vinakataza kuitia rangi filamu bila ruhusa ya warithi wake. Mwezi uliofuata mpango ukaachwa. Welles alikuwa amefariki tangu 1985. Mkataba ulimtetea akiwa kaburini.

Huston hakuwa na kipengele kama hicho. Alikuwa mwajiriwa wa Loew's, kampuni mama ya MGM, na kwa sheria ya Marekani mwajiri ndiye aliyehesabiwa kuwa mwandishi wa kazi, yaani muumba wake machoni pa sheria. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwongozaji, kisheria hakuwa ameandika chochote.

Mahakama nne, hukumu nne

Ndiyo maana Ufaransa ilikuwa mahali pekee pa maana pa kupeleka shauri. Sheria ya Ufaransa ya Machi 11, 1957 ilisema mwandishi ana haki ya jina lake na kazi yake kuheshimiwa, haki inayofungamana na nafsi yake, isiyouzika, isiyokoma, na inayorithiwa. Wanasheria huiita haki ya kimaadili. Unaweza kuuza nakala, ukauza mapato, ukauza hata ghala zima la filamu, hiyo haiuziki.

Novemba 23, 1988 mahakama ya kwanza ya Paris iliwapa warithi ushindi na kuzuia onyesho. Julai 6, 1989 Mahakama ya Rufani ya Paris ikaupindua uamuzi. Majaji wa rufani walisema swali la nani ni mwandishi linajibiwa na sheria ya nchi filamu ilikotoka. Kwa sheria ya Marekani mwandishi ni kampuni, na haki zake sasa ziko kwa Turner. Kwa hiyo Huston na Maddow hawana haki yoyote ya kudai. Waliagiza watazamaji wajulishwe, ikiwemo kwamba wanaweza kuiondoa rangi kwa kitufe cha runinga zao. La Cinq ikaionyesha filamu ya rangi Agosti 1989.

Hilo la kitufe linanisumbua kuliko yote. Linasikika kama busara ya kumridhisha kila mmoja, lakini linamgeuza mtazamaji wa sebuleni kuwa mlinzi wa kazi ya Huston. Mtazamaji hajui filamu ilikuwaje, na hana sababu ya kugusa kitufe. Mwenye kuwasha runinga saa mbili na nusu usiku huamini anachoonyeshwa ndicho kilichotengenezwa. Na rangi ikishushwa kwa kitufe, kinachobaki ni video iliyochakatwa, ambayo si mwanga alioupanga Rosson.

Mei 28, 1991 Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa kwa kesi za madai, ilitoa hukumu fupi mno ukilinganisha na ukubwa wa jambo. Ilisema kwamba ndani ya Ufaransa hakuna anayeruhusiwa kuharibu ukamilifu wa kazi ya sanaa, bila kujali kazi hiyo ilitolewa kwanza katika nchi gani, na kwamba mtu huwa mwandishi wa kazi kwa sababu moja tu, kwamba ameiumba. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Rufani ya Versailles, ambayo Desemba 19, 1994 iliwapa ushindi warithi. Majaji wa Versailles walitazama filamu yenyewe kama kazi: wakasema mwaka 1950 rangi ilikuwepo, Huston alichagua nyeusi na nyeupe kwa makusudi ya kisanaa, na kuitia rangi bila ruhusa yake au ya warithi wake ni kuikiuka kazi yake ya ubunifu, hata kama nia ilikuwa ya kibiashara tu. Wakati hukumu hiyo inasomwa La Cinq yenyewe ilikwishafungwa, tangu Aprili 1992.

Wanasheria wamebishana sana juu ya hukumu ya 1991, wakiuliza iweje nchi moja iamue nani ni mwandishi wa filamu ya nchi nyingine. Swali lao lina uzito, hasa kwa mfanyabiashara anayenunua filamu akidhani amenunua kila kitu. Lakini mimi nipo pamoja na mahakama. Turner alinunua kutoka kwa MGM; hakununua kutoka kwa Huston, na Huston hakuwahi kumuuzia MGM idhini ya kuitengeneza upya filamu yake miaka 40 baadaye kwa ladha ya watu wengine.

Hoja ngumu zaidi ya upande wa pili ni kwamba filamu ya asili haikuguswa. Negativu, yaani mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera, ilibaki, na kampuni ya Turner ililazimika kutafuta na kuhifadhi nakala bora ili iweze kutia rangi, jambo ambalo kwa baadhi ya filamu lilikuwa baraka. Nakubali. Na ni haki kusema kwamba Turner huyohuyo alifungua Turner Classic Movies Aprili 1994, chaneli iliyokuja kuwa nyumba ya filamu za zamani jinsi zilivyo, na katikati ya miaka ya tisini kazi ya kutia rangi ilipungua kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na watazamaji hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Lakini filamu kuwepo ghalani ni jambo moja, kuonwa ni lingine. Toleo linaloonyeshwa saa ambayo familia zimeketi sebuleni ndilo linalokuwa filamu kwenye vichwa vya watu.

Rangi ikiwa na mwenyewe

Msimamo wangu si kwamba rangi ni dhambi. Ray Harryhausen, fundi wa Uingereza na Marekani aliyehuisha masanamu ya madubwana kwa mkono, alikubali filamu yake ya 1957, 20 Million Miles to Earth, itiwe rangi mwaka 2007, akaisimamia kazi hiyo mwenyewe, akieleza kwamba angeipiga kwa rangi tangu mwanzo kama bajeti ingeruhusu. Hapo sina pingamizi hata moja. Mwenye kazi yu hai, ameulizwa, ameketi mezani.

Na kuna kosa la upande wa pili ambalo hatulizungumzi. Georges Méliès, Mfaransa, aliuza nakala za filamu zake zilizotiwa rangi kwa mkono na wanawake wa karakana moja ya Paris, fremu kwa fremu. Safari yake ya mwezini ya 1902 ilijulikana kwa miaka mingi kwa nyeusi na nyeupe tu, mpaka nakala ya rangi ilipopatikana Barcelona mwaka 1993, na baada ya matengenezo ya miaka mingi ikaonyeshwa Cannes mwaka 2011. Huston naye alionja uchungu huo: mwaka 1967 alitoa Reflections in a Golden Eye akiwa amezififiza rangi kwa makusudi mpaka picha ikawa ya dhahabu, na studio ikaiondoa haraka na kusambaza nakala za rangi za kawaida. Kumnyang'anya mtu rangi aliyoitaka, na kumbandika asiyoitaka, vinatoka mahali pamoja.

Huku kwetu jambo hili linakuja kupitia picha za zamani. Zimejaa mitandaoni picha za Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo za miaka ya mwanzo wa karne iliyopita, zimepitishwa kwenye programu na kutoka na rangi. Tazameni wanawake waliovaa kanga. Mtu wa pwani anajua kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na anajua kinavaliwa harusini. Programu haijui kisutu ni nini. Inakisia kwa kufuata mamilioni ya picha ilizofunzwa nazo, na inapokosa uhakika hukimbilia rangi ya kahawia iliyopauka au buluu hafifu. Tena sahani nyingi za picha za wakati huo hazikuhisi wekundu kabisa: nyekundu ilitoka karibu na nyeusi, buluu ikatoka karibu na nyeupe. Ngozi za watu nazo zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Kwa hiyo doa la wekundu kwenye kanga, programu inalisoma kuwa weusi na kulipaka weusi. Bibi harusi anavalishwa nguo ambayo hakuivaa, na mjukuu wake anaipokea picha ile kama kumbukumbu ya siku ya harusi. Msusi wa ukili, mshona kofia au bibi wa mtaani mwenye kumbukumbu za doti za zamani angeweza kuulizwa, na angejibu.

Kisheria tuko karibu na Marekani kuliko Ufaransa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mwandishi wa kazi ya picha na sauti kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza filamu, na huyo kwa kawaida ni mtayarishaji. Haki za kimaadili zimo pia ndani ya sheria hiyo, kifungu cha 32, lakini ni haki za mwandishi, na mwandishi ameshatajwa ni nani. Mwongozaji wa Nairobi mwenye mgogoro kama wa Huston angeanza safari yake akiwa pale walipomweka majaji wa rufani wa Paris mwaka 1989.

Kwa sababu hiyo nawaambia waongozaji vijana kila ninapopata nafasi: msitegemee mahakama ya mbali, andikeni kwenye mkataba. Welles alifanya hivyo akiwa na miaka 24. Kipengele kiseme kwamba picha haitabadilishwa rangi, ukubwa wa fremu wala kasi bila idhini ya maandishi ya mwongozaji na mpigapicha mkuu, kwamba toleo lolote lililobadilishwa litajitangaza hivyo mwanzoni mwake, na kimtaje kwa jina mtu wa kuulizwa mwongozaji akishafariki.